Mobutu na abacost: maisha ya mtu aliyeivua kravati nchi nzima

Balo la mitumba likifunguliwa sokoni Baraka, makoti ya kiume hutoka yamekunjamana pamoja, la Italia juu ya la Uingereza, la China chini ya la Marekani. Fundi wa cherehani wa Nundu hana haja ya kusoma lebo. Anashika bega, anapindua kola, anapapasa bitana kwa vidole viwili, na tayari anajua koti limeshonwa kwa mtindo wa wapi na kama litakubali kupunguzwa. Lakini kuna koti moja ambalo wazee wa Fizi wanalikumbuka vizuri na ambalo ni nadra kulikuta ndani ya balo. Lilibuniwa kwa ajili ya Wazaire, likaamriwa kwa Wazaire, na kwa miaka 18 hivi lilikuwa ndilo vazi la mwanaume yeyote aliyetaka kukaa vizuri na serikali. Linaitwa abacost, kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayosema kositimu iangushwe.

Mwenye koti hilo ni Mobutu Sese Seko, aliyetawala nchi hii kwa karibu miaka 32. Wengi wameandika juu ya vita vyake, pesa zake na jumba lake la Gbadolite. Nguo zake zimeandikwa kidogo tu, kama mapambo ya pembeni. Si haki. Mobutu alijua nguvu ya nguo kuliko mwanasiasa yeyote wa Congo kabla yake, na aliijua mapema.

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 huko Lisala, kando ya mto Congo, akaitwa Joseph-Désiré Mobutu. Familia yake ilikuwa ya Wangbandi. Mama yake aliitwa Marie-Madeleine Yemo. Albéric Gbemani, aliyekuwa baba yake kwa sheria, alikuwa mpishi wa hakimu Mbelgiji, na kwa njia hiyo mtoto alikua akiingia na kutoka katika nyumba ya Wazungu. Mke wa hakimu alimpenda, akamfundisha kusema na kusoma Kifaransa. Gbemani alifariki mwaka wa 1938, na maisha yakawa ya kuhama kutoka kwa ndugu mmoja hadi mwingine, shule ya misioni moja hadi nyingine. Huko Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka, alisoma kwa mapadri, akawa hodari darasani na mkaidi nje ya darasa. Mwaka wa 1949 alipanda mashua kwa siri akaenda kujionea Léopoldville. Aliporudi, mapadri hawakumsamehe. Adhabu ya kijana wa namna hiyo wakati ule ilikuwa kupelekwa jeshini, na yeye akaandikishwa katika Force Publique kwa miaka saba.

Katika Congo ya Wabelgiji, nguo ilikuwa kama mtihani. Mkoloni mwenyewe alivaa koti jeupe la pamba au kaptula ya kaki na kofia ngumu. Mwafrika aliyesoma, yule aliyeitwa évolué, alitakiwa kuonyesha kwamba ameacha kijiji, na njia ya kwanza ya kuonyesha ilikuwa kositimu, shati jeupe na kravati. Tangu mwaka wa 1948 kulikuwa na karata ya sifa ya kiraia, na kuanzia 1952 kulikuwa na uandikishwaji wa wale waliohesabiwa wamestaarabika. Wakaguzi waliingia nyumbani kwa mtu kuangalia anavyokula na anavyoishi na mke wake. Kwa hiyo kravati haikuwa pambo tu. Ilikuwa cheti kilichofungwa shingoni, na aliyekitoa cheti hicho alikuwa mtu mwingine.

Mobutu alipita njia nyingine, ya sare. Alifundishwa ukarani na uhasibu katika shule ya jeshi huko Luluabourg, mji wa Kananga wa leo, akapanda hadi sajenti mkuu, cheo cha juu kabisa ambacho Mkongomani aliweza kufikia. Mwaka wa 1955 alimuoa Marie-Antoinette. Mwaka wa 1956 alitoka jeshini akaingia kazi ya gazeti Léopoldville, katika Actualités Africaines na L'Avenir. Hapo ndipo alipovaa kositimu kama vazi la kazi. Mwaka wa 1958 alikwenda Bruxelles kwenye maonyesho makubwa ya dunia, akawaona Wabelgiji kwao, wanavyovaa kwao. Alirudi huko kwa mafunzo, na mwanzoni mwa 1960, Mkutano wa Meza ya Duara ulipofanyika Bruxelles kupanga uhuru, alikuwa karibu na Patrice Lumumba.

Picha za tarehe 30 Juni 1960 bado zinazungushwa kwenye simu za vijana kila mwaka. Siku ya kutia sahihi, Lumumba anaonekana na kositimu nyeusi na kravati ya kipepeo, amevaa kama waziri yeyote wa Ulaya. Ndivyo uhuru ulivyovaa siku yake ya kwanza: nguo ya aliyeondoka, juu ya mwili wa aliyebaki. Hakuna aliyeona ajabu wakati ule, maana kositimu ndiyo iliyokuwa lugha ya kusema kwamba sisi na ninyi tuko sawa.

Wiki chache baadaye jeshi liliasi, na Mobutu akarudishwa kwenye sare, safari hii kama kanali na mkuu wa majeshi. Tarehe 14 Septemba 1960 aliwaweka pembeni rais Kasa-Vubu na waziri mkuu Lumumba. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua madaraka yote, akaahidi kukaa miaka mitano tu.

Miaka ya mwanzo alivaa sare ya jeshi au kositimu ya kawaida. Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka wa 1966 majina ya miji ya Kibelgiji yalifutwa: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka wa 1967 chama cha MPR kilizaliwa na Manifesti ya N'sele. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire. Mwanzoni mwa 1972 zamu ya majina ya watu ilifika: majina ya Kikristo yaondolewe, majina ya mababu yarudi. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga. Kardinali Malula alipinga, na mgogoro wake na serikali ukafika mbali hadi akalazimika kwenda Roma kwa muda. Monsieur na madame zikapigwa marufuku katika ofisi, kila mtu akaitwa citoyen au citoyenne. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia, wakaamriwa kitenge. Na Februari 1972, kwa hesabu aliyoitoa Mobutu mwenyewe miaka mingi baadaye, alifanya uamuzi wake juu ya koti.

Ili kuelewa alichokikata, inabidi kwanza kujua alichokuwa anakikataa, maana kositimu ya Wazungu si moja. Waingereza hujenga koti kama nyumba. Ndani ya kifua wanaweka kitambaa kigumu kinachoshonwa kwa mkono, bega linapewa pamba, kiuno kinabanwa, na nyuma kunakuwa na mipasuo miwili ya pembeni, urithi wa wapanda farasi. Mtu mwenye mabega ya kuanguka akivaa koti la London anasimama kama afisa. Waitaliano wa Napoli walifanya kinyume, kwa sababu ya joto la kwao. Walitoa pamba begani, mkono ukashonwa kama mkono wa shati, bitana ikapunguzwa hadi nusu, na koti likawa jepesi la kufuata mwili. Wamarekani walipenda koti lililonyooka kama gunia safi, bila kubana kiuno, na mpasuo mmoja katikati, nguo ambayo kiwanda kinaweza kushona kwa maelfu na ikamkaa kila karani. Wafaransa walisimama katikati, kiuno chembamba na bega lililochorwa vizuri. Wote hao wanatofautiana kwa mengi, lakini wanakubaliana kwa jambo moja: kola inakunjwa kifuani ikaacha nafasi ya pembetatu, na pembetatu hiyo inangoja shati na kravati. Ukiiziba pembetatu, kravati inakosa mahali pa kuishi.

Ndiyo kazi iliyofanywa na China kabla ya mtu yeyote wa Afrika. Koti ambalo dunia inalipa jina la Mao, Wachina wenyewe wanaliita kwa jina la Sun Yat-sen, aliyelivaa miaka mingi kabla ya Mao kushika nchi. Lina mifuko minne, vifungo vitano, na kola ndogo inayokunjwa na kufungwa hadi kooni. Uhindi nao walikuwa na koti la kola iliyosimama, ambalo Nehru alilifanya lijulikane.

Ng'ambo ya ziwa, majirani wa Fizi walikuwa tayari katika njia hiyo hiyo. Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alitembelea Tanzania Juni 1965, na jina lake likabaki kwa Watanzania kama jina la suti, ile isiyo na kravati ambayo Nyerere alipenda kuivaa. Zambia, rais Kenneth Kaunda alichukua koti la safari la Waingereza, lile la wawindaji, akalipa mikono mifupi na suruali ya kitambaa hicho hicho, akashika leso nyeupe mkononi, na Afrika Mashariki yote ikaiita suti ya Kaunda. Kenya, Kenyatta alibaki na mshono wa Kiingereza, ila akaongeza kofia ya shanga na mwengo. Mtu wa Nundu au Mboko aliyevuka kwenda Kigoma kuuza samaki aliweza kuiona mitindo hiyo bila kungoja redio ya Kinshasa.

Abacost ya Mobutu ilichukua kidogo kutoka pande zote. Koti liliondolewa shati na kravati, likafungwa juu zaidi kuliko kositimu. Mikono ilikuwa mifupi kwa mchana wa joto, mirefu kwa sherehe. Shingoni, badala ya kravati, aliruhusu skafu ya hariri, na kwenye mfuko wa kifua leso ya rangi hiyo hiyo. Rangi zilizopendwa zilikuwa kahawia na buluu iliyokolea. Juu ya hapo yeye binafsi aliongeza vitu ambavyo hakuna mwingine aliyethubutu kuvivaa vyote kwa pamoja: kofia ya ngozi ya chui, fimbo iliyochongwa na miwani yenye fremu nzito. Mtoto wa shule aliyeona kivuli tu ukutani alijua ni nani.

Watu wengi husema wazo lilitoka Peking, kwa kuwa Mobutu alikwenda China Januari 1973 akakutana na Mao, akarudi amevutiwa na nchi nzima kuvaa sawa. Tarehe hazikubali. Uamuzi wa Februari 1972 ulikuja karibu mwaka mzima kabla ya safari hiyo. Kilicho karibu na ukweli ni kwamba China ilimwonyesha hadi wapi jambo hilo linaweza kufikishwa. Baada ya 1973 abacost haikuwa tena chaguo la mzalendo, ilikuwa sare ya taifa. Waziri, gavana, mwalimu, karani wa posta, wote. Mwenye kravati alionekana kama mtu anayetangaza upinzani.

Kwa haki, wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Kositimu ya sufi, shati la kola ngumu na kravati katika joto la Kinshasa au la bonde la Ruzizi ni mateso. Pia ni gharama: mwalimu wa shule ya msingi alihitaji vitu vitatu ambapo sasa kimoja kingetosha. Na kwa fundi wa kijiji kulikuwa na faida ambayo wasomi hawaitaji. Sehemu ngumu kuliko zote katika koti la Ulaya ni kola na ile mikunjo ya kifuani, inayotaka kitambaa kigumu cha ndani, pasi nzuri na mkono uliofundishwa miaka. Koti lililofungwa juu linaweza kukatwa na fundi aliyejifunza kwa jirani yake, na cherehani ya mguu inatosha. Kwa mara ya kwanza, vazi rasmi la nchi lilikuwa kitu ambacho fundi wa barazani angeweza kukishona kuanzia kitambaa hadi kifungo.

Nchi ilikuwa na viwanda pia. Kinshasa kulikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, Kisangani kulikuwa na Sotexki, na kusini tu ya Fizi, katika mwambao huo huo wa ziwa Tanganyika, kulikuwa na Filtisaf ya Kalemie, iliyosokota na kufuma pamba tangu wakati wa Wabelgiji. Pamba ililimwa katika bonde la Ruzizi. Njia yote, kutoka shamba hadi begani, ingeweza kupita ndani ya nchi.

Haikupita. Abacost za Mobutu mwenyewe zilishonwa Ubelgiji, na nyumba ya ushonaji ya Arzoni huko Zellik, nje kidogo ya Bruxelles. Kitambaa kilikuwa mara nyingi sufi nzuri ya Ulaya. Wakubwa wa chama wakafuata mfano wake, kila mmoja kwa kadiri ya mfuko wake. Kwa hiyo koti lililotangazwa kuiangusha nguo ya mkoloni lilikuwa linaleta kazi kwa washonaji wa nchi ya mkoloni yule yule, na kwa bei kubwa kuliko kositimu ya zamani. Miaka kumi hivi baadaye, Thomas Sankara wa Burkina Faso alifanya jambo linalofanana kwa sura na kupingana kwa ndani: aliwataka wafanyakazi wa serikali wavae faso dan fani, pamba iliyofumwa na wanawake wa nchi yake. Sankara hakujali sana mkato, alijali uzi umetoka wapi. Mobutu alijali mkato. Ndiyo sababu Burkina Faso wafumaji bado wanataja jina la Sankara, na Kalemie hakuna mfumaji mwenye sababu ya kumtaja Mobutu kwa namna hiyo.

Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza kuwapa Wazaire biashara na mashamba ya wageni. Maduka ya vitambaa yaliyokuwa ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yakapewa watu wa karibu na chama, na mengi yakafilisika baada ya kuuza kilichokuwa kwenye rafu. Mwaka uliofuata ulikuwa wa fahari: timu ya Leopards ilikwenda Kombe la Dunia Ujerumani, na tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alimpiga George Foreman Kinshasa. Mobutu alikuwa juu kabisa. Halafu bei ya shaba ikaanguka, na umaskini ukaanza kuingia hata ndani ya abacost. Koti la mwalimu lililokuwa buluu likawa la rangi isiyo na jina.

Fizi ilikuwa na hesabu yake tofauti na Mobutu, nayo ilianza zamani. Mwaka wa 1964 Simba walishika Uvira, na vita vikashuka hadi Fizi na Baraka. Mobutu ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi lililopigana nao, pamoja na mamluki wa kizungu. Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akafika Kibamba tarehe 24 Aprili 1965, akaondoka tarehe 21 Novemba, siku tatu kabla Mobutu hajapindua serikali. Wapiganaji wengine walibaki milimani. Laurent-Désiré Kabila alianzisha huko chama cha PRP Desemba 1967, na kwa miaka mingi sehemu ya milima ya Fizi iliishi nje ya mkono wa Kinshasa, ikipitisha dhahabu kwenda Kigoma na kurudisha mahitaji ya maisha.

Hivyo ndani ya teritwari moja kulikuwa na nchi mbili za mavazi. Kando ya ziwa, kwenye barabara ya Uvira hadi Baraka ambako Nundu iko, serikali ilikuwepo, na pamoja nayo ofisi, shule, mikutano ya chama na abacost zake. Ukipanda mlima kwa miguu, amri ya koti ilikosa mtu wa kuitekeleza. Huko juu hakuna aliyeulizwa juu ya kravati, lakini pia hakuna aliyekuwa na kitambaa cha kutosha kubishana juu ya mkato.

Upinzani mwingine dhidi ya abacost ulitoka mahali ambapo Mobutu hakuutarajia, kwenye muziki. Papa Wemba alianzisha Viva la Musica mwaka wa 1977, na pamoja naye vijana wa Kinshasa wakaanza kujivunia nguo za Paris, Milano na Tokyo kama watu wengine wanavyojivunia ng'ombe. Stervos Niarcos aliifanya hata kuwa dini, dini ya kitendi, yaani ya kitambaa. Wasapeur hao walijua kutofautisha bega la Kiitaliano na bega la Kiingereza kwa umbali wa barabara. Wazazi wao waliwaona wendawazimu, kulala na njaa ili kununua viatu. Lakini katika nchi ambayo rais alichagua koti la kila mwanaume, kijana aliyechagua koti lake mwenyewe alikuwa anasema jambo ambalo gazeti halikuweza kuliandika.

Wakati huo Mobutu alikuwa amekuwa mtu wa mbali. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka wa 1977, na 1980 alimuoa Bobi Ladawa. Gbadolite ilijengwa msituni ikiwa na uwanja wa ndege wa kupokea Concorde. Televisheni ilimwonyesha kila jioni akishuka kutoka mawinguni kabla ya habari, abacost na kofia ya chui vikiwa mahali pake.

Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989, na Desemba hiyo rafiki yake Ceauşescu aliuawa Romania. Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'sele, Mobutu alisimama mbele ya wakubwa wa nchi akatangaza mwisho wa chama kimoja. Alilia, na machozi hayo ndiyo yaliyokumbukwa zaidi. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alishuka hadi kwenye nguo: Wazaire waliruhusiwa tena kuchagua kati ya abacost na kositimu yenye kravati. Yeye binafsi, alisema, asingeonekana na kravati, kwa kuwa alikuwa ameshachagua tangu Februari 1972. Inashangaza kidogo kwamba kiongozi anayepoteza nchi alitenga dakika za kusema juu ya kravati. Lakini alielewa vizuri kuliko waliomcheka. Kravati ilikuwa ufunguo ambao kila mtu angeuona kesho yake asubuhi barabarani. Na ndivyo ilivyokuwa: kravati zilizokuwa zimekunjwa chini ya masanduku kwa miaka 18 zilitoka zikiwa na alama za mikunjo, pana kwa mtindo wa zamani, na watu wakazivaa hivyo hivyo. Kwa wale wanaopenda tarehe, ni siku ile ile ya mwezi ambayo Che alifika Kibamba, na ndiyo siku ambayo Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan mwaka wa 2016.

Kutoka hapo ilikuwa ni kushuka. Mkutano wa kitaifa wa 1991 na 1992 ulimnyang'anya heshima bila kumnyang'anya jeshi. Askari wasiolipwa waliiba miji Septemba 1991 na tena Januari 1993. Agosti 1996 alipasuliwa Uswisi kwa ajili ya kansa ya tezi dume. Alikuwa bado Ulaya wakati vita vilipoanza hapa kwetu mashariki. Uvira ilianguka Oktoba 1996, Bukavu ikafuata kabla mwezi haujaisha, na AFDL ikaelekea magharibi, mbele yake akiwa Kabila yule yule aliyewahi kukaa milima ya Fizi. Watoto wa kadogo walitembea na buti za mpira hadi Kinshasa.

Tarehe 4 Mei 1997 Mobutu na Kabila walikutana ndani ya meli ya Afrika Kusini huko Pointe-Noire, Nelson Mandela akiwa katikati. Mgonjwa alikuwa amekonda, na nguo zilizokuwa zimekatwa kwa kipimo cha mtu mwenye nguvu zilimlegea. Hakuna kilichokubaliwa. Tarehe 16 Mei aliondoka Kinshasa kwenda Gbadolite, na mara baada ya hapo akatoka nchini kupitia Togo hadi Morocco. Tarehe 17 Mei AFDL iliingia Kinshasa. Zaire ikawa Congo tena, citoyen ikaachwa, na abacost ikabaki kwa wazee waliokuwa wameizoea na kwa wanasiasa wachache wanaopenda kukumbusha kwamba walikuwepo.

Mobutu alifariki Rabat tarehe 7 Septemba 1997, akiwa na miaka 66. Alizikwa huko huko, katika makaburi ya Wakristo ya mji, na hadi leo hajarudishwa Gbadolite. Filtisaf ya Kalemie ilishafunga milango yake.